Trela ya Kwenda Nuu

Jumatano, 1 Oktoba 1986

Barua imefika. Imeandikwa kwa mkono na Mwalimu Mutindi, mkuu wa shule mpya ya wasichana inayojengwa huko Nuu. Anataka miti mia sita kuzunguka madarasa, ua wa miiba wa kayaba upande wote wa mbele, na nyasi kwenye uwanja wa gwaride, na vyote viwe vimepandwa kabla mvua ya mwisho wa mwaka haijakatika. Anasema halmashauri ya elimu ina shule nyingine saba zinazohitaji kazi kama hiyo. Watakuja kutazama miti yangu mwezi wa Desemba ndipo waamue nani apewe. Chini kabisa ameongeza mstari mmoja: "Nimesikia habari ya Mukuyuni."

Niliisoma nikiwa nimesimama katikati ya miche, mpira wa maji mkononi, na sikugundua kwamba nilikuwa namwagilia viatu vyangu.

Habari ya Mukuyuni ni hii. Mwaka jana nilipata kazi ya kupanda miti kwenye kiwanja cha kanisa moja huko. Nilikodi lori. Tulipanga miche mia tatu juu kabisa, wazi, tukaenda mchana kutwa kwenye upepo na jua, na tulipofika majani yalikuwa yamekauka kama tumbaku. Tulipanda hivyo hivyo. Ilipona sabini na miwili. Nilifanya kazi miaka kumi na sita katika kitalu cha serikali kabla ya kufungua changu hapa Kitui, kando ya mto Kalundu, na miaka hiyo yote sikuwahi kuona aibu kama ile.

Kwa hiyo miche si shida. Ninayo, na ni mizuri. Shida ni gari. Landrova yangu niliyoipata kwa mnada inabeba miche hamsini na watu wawili watatu. Nuu ni mwendo wa saa tano kupitia Mwingi.

Nimemwonyesha barua ndugu yangu Kivuva, ambaye ndiye huniendeshea landrova. Zamani alikuwa dereva wa masafa marefu, barabara ya Mombasa, mpaka alipoachishwa kazi miaka saba iliyopita. Nyumbani husemwa ni pombe. Sijawahi kumwuliza, na tangu aje kwangu sijamwona akinywa. Ni mtu wa maneno machache. Leo alisema moja tu: lori.

Ijumaa, 3 Oktoba

Joto. Tumemwagilia mara mbili. Hakuna wingu.

Jumamosi, 4 Oktoba

Tumeenda kuona lori la Mzee Mulei, mfanyabiashara wa mbao na saruji, ambaye pia ni mzee wa kanisa letu. Anayo mawili, anataka kuuza moja. Kivuva alilizunguka mara mbili akiligusa boneti kama mtu anayempapasa ng'ombe wake. Aliwasha injini, akasikiliza, akazima, akaniangalia na kutikisa kichwa kwa kukubali. Ni lori zima. Siwezi kusema lina kasoro.

Lakini nilikuwa nimekuja na Tima, mmoja wa wanawake watano wanaofanya kazi nami na msimamizi wao. Nilimwomba apakie debe moja la udongo. Tima si mfupi. Alisimama kwa ncha za vidole, akaliinua debe juu ya kichwa, na nusu ya udongo ikamwagikia kwenye leso yake. Nikafikiria matabaka ya nyasi yaliyolowa, moja moja, mia nne, yakipandishwa hivyo kisha yateremshwe hivyo.

Mzee Mulei alisema kazi ya kupakia ni ya wanaume, niajiri wanaume. Nilimjibu kwamba wanawake hawa wanajua kushika mche bila kuuvunja mzizi na sina mpango wa kuwabadilisha.

Kivuva alilitazama lile lori kwenye kioo mpaka tukakata kona.

Jumapili, 5 Oktoba

Kanisani. Mzee Mulei aliombea wote wanaokabiliwa na maamuzi ya biashara wiki hii. Alifumbua jicho moja kunitazama.

Jumanne, 7 Oktoba

Pikapu ya mwalimu mmoja wa hapa mjini. Nzuri, safi, sakafu yake iko chini vizuri. Nilipanga ndani yake miche nikahesabu: sitini. Safari kumi kwa miti peke yake, halafu nyasi, halafu kayaba. Mvua haitanisubiri. Nimemshukuru nikarudi.

Alhamisi, 9 Oktoba

Tima aliniambia jana nimwone kaka yake kabla sijanunua chochote. Kaka yake ni Yakub, fundi wa kuchomelea vyuma nyuma ya soko. Babu yao alikuja Kitui kutoka pwani akiuza vitambaa, akabaki. Mimi nimempita Yakub miaka yote nikijua anatengeneza madirisha tu.

Nilimkuta akimtengenezea mtu trela ya kubeba mapipa ya maji. Nikasimama. Sakafu yake ilikuwa kama goti langu kutoka ardhini.

Nilimwuliza kama landrova yangu inaweza kuvuta kitu kama hicho na miche mia mbili. Aliuliza miche ina uzito gani ikiwa imelowa, barabara ina mchanga kiasi gani, nani anapakia, na tukifika gari linafanya kazi gani nyingine. Nikamwambia tukifika tunahitaji kwenda kuchota maji kisimani mara nne au tano kwa siku. Basi, akasema, ukiwa na lori, lori likipakuliwa huna maji, na likienda kwa maji huna kupakua. Trela unaifungua, unaiacha chini ya kivuli pale pale unapochimba, na landrova inaenda.

Jambo hilo sikuwa nimelifikiria hata kidogo.

Alichukua chaki akachora sakafuni. Magurudumu mawili, ekseli ya lori lililokufa. Mlango wa nyuma unaolala chini uwe njia ya kupandishia wilbaro, na unaong'oka kwa kuvuta pini mbili. Mimi nikachukua chaki kutoka mkononi mwake nikachora rafu mbili za mbao, moja juu ya nyingine, ili miche isipandane, na fremu ya turubai ili upepo usiiguse. Alitazama mchoro wangu kwa muda. Kisha alisogeza ekseli mbele kidogo, shibiri moja, akafuta ya zamani kwa mguu. Alisema ekseli ndiyo trela. Ukiiweka vibaya, shingo, kile chuma cha mbele kinachoungana na gari, inakuwa nzito na kuvunja landrova, au inakuwa nyepesi na trela inacheza barabarani kama mkia wa mbwa.

Kivuva alikuwa mlangoni. Aliposikia hilo la mkia alitoka nje. Nilipomaliza nikamkuta ameketi ndani ya landrova, mikono kwenye usukani, gari limezimwa.

Jumamosi, 11 Oktoba

Nimemwambia Yakub aanze. Nimemwambia Kivuva pia, na tumegombana, jambo ambalo hatujafanya tangu utotoni.

Alianza polepole. Alisema trela ni taabu, tairi mbili zaidi za kupasuka, breki hakuna. Nikamjibu kila moja. Mwisho alisema, "Dada, nunua unachotaka. Lakini mimi trela sivuti. Tafuta dereva."

Nikamwambia ni kiburi. Kwamba anataka kuonekana mjini akiwa juu ya lori kama zamani. Hakubisha. Alining'inizia ufunguo kwenye msumari akaenda.

Nimeandika neno kiburi na bado naamini ni sawa. Sina dereva mwingine.

Jumanne, 14 Oktoba

Fremu imesimama. Yakub amenifanya nikanyage kila kiungo. Mzee Mulei alipita akauliza punda wa kuvuta mkokoteni huo atatoka wapi. Watu walicheka. Yakub aliendelea na kazi yake.

Alhamisi, 16 Oktoba

Rangi ya kijani. Kivuva anakuja kazini, anamwagilia, anarudi kwake. Habari ya asubuhi, habari ya jioni.

Jumatatu, 20 Oktoba

Sikukuu ya Kenyatta, mji umejaa watu, na mimi nikachagua leo kuchukua trela.

Kwenda mbele hakuna shida. Kwa furaha nilisahau hata kwamba iko nyuma yangu. Kisha nikafika kwenye kitalu na nikatakiwa kuiingiza kinyumenyume kwenye lango. Nilikata usukani kushoto, trela ikaenda kulia. Nikakata kulia, ikajikunja kabisa. Nilijaribu mara sita. Mara ya saba niliangusha magunia matatu ya makaa ya jirani yangu. Watu waliokuwa wakitoka uwanjani walisimama na kunipa mawaidha, kila mmoja yake.

Kivuva alikuwa ng'ambo ya barabara. Nilimwona. Aliangalia mpaka magunia yalipoanguka, halafu akageuka akaenda.

Tuliifungua trela, tukaisukuma kwa mikono mpaka ndani. Wanawake watano na mimi. Ikaingia vizuri sana.

Jumatano, 22 Oktoba

Uwanja wa mpira, alfajiri. Nimerudi nyuma mara kumi. Mara moja vizuri, na hiyo moja sijui niliifanyaje.

Alhamisi, 23 Oktoba

Mara mbili.

Ijumaa, 24 Oktoba

Hakuna hata moja. Upepo wa mashariki umeanza, na mchwa wenye mabawa wametoka. Mvua iko karibu.

Jumamosi, 25 Oktoba

Leo nataka kuandika yote kama yalivyotokea.

Nilikuwa uwanjani tangu saa kumi na mbili, trela imejikunja, nami nimeegemea mlango wa landrova nikijiuliza kama nimrudie Mzee Mulei. Kivuva alikuja akitembea kwa miguu. Alisimama upande wangu akaniambia nishike usukani chini, mkono mmoja, pale ilipo namba sita kwenye uso wa saa. Mkono ukienda kulia, trela inaenda kulia. Ukienda kushoto, inaenda kushoto. Usikate sana. Rudi polepole kuliko unavyoweza kuvumilia.

Nilifanya hivyo. Trela ilirudi nyuma moja kwa moja mpaka kwenye goli kana kwamba inavutwa kwa kamba.

Nilizima gari. Nilimwuliza kwa nini hakuniambia hivyo wiki nzima iliyopita. Akakaa chini kwenye kivuli cha trela, kisha akaniambia, akiwa anatazama uwanja.

Ilikuwa mwaka wa sabini na tisa, karibu na Mtito Andei, mteremko, mvua ya manyunyu. Alikuwa akivuta trela iliyopakiwa na watu wengine, mzigo wote nyuma. Ilianza kucheza. Alikanyaga breki, kwa sababu hivyo ndivyo mwili unavyotaka. Trela ikamgeukia. Turniboi wake, yaani utingo, mtu mzima mwenye watoto, jina lake Musembi, alipoteza mguu. Kampuni ilisema dereva alikuwa amelewa, na Kivuva hakuwa ameonja kitu, lakini hakubisha. Aliona kwamba kwa vile mguu wa Musembi haurudi, haijalishi wataita nini.

"Mimi si kwamba nataka lori," alisema. "Nataka kitu ambacho hakina kitu nyuma yake."

Miaka saba nimemtazama ndugu yangu nikiamini ni mlevi aliyeacha pombe. Nilimsifu hata kwa kuacha. Nilimwambia kwamba nimekosea juu yake, mara mbili, na kwamba ya pili nilimtamkia usoni.

Alisema ni sawa. Halafu aliinuka akaizunguka trela kwa mara ya kwanza. Alishika shingo akaiinua kidogo kwa mkono mmoja kupima uzito, akaangalia ekseli ilipo, akalala chini akatazama. Aliuliza nani aliiweka ekseli hapo. Nikasema Yakub. Akasema Yakub anajua kazi yake.

Bado havuti. Lakini atakaa kando yangu.

Jumatano, 29 Oktoba

Mvua. Ilianza saa tisa mchana, matone makubwa, kisha ikamwaga kweli. Tima na wenzake walitoka nje wakasimama ndani yake makusudi.

Jumatatu, 3 Novemba

Safari ya kwanza, juzi Jumamosi. Miche mia mbili kwenye rafu mbili, turubai limefungwa. Kivuva alisimamia upakiaji mwenyewe: mizito juu ya ekseli, kidogo mbele, hakuna cha kuachia nyuma. Aliweka nyororo mbili za akiba kwenye shingo na kunifundisha kwamba trela ikianza kucheza niondoe mguu kwenye mafuta nisiguse breki. Nilipitia Mwingi nikiwa naomba na kuendesha kwa pamoja.

Tulifika Nuu saa nane. Mwalimu Mutindi ni mwanamke mrefu, miwani, haonyeshi kitu usoni. Hakutusalimu sana. Alisubiri tufungue turubai. Kisha akaanza kupita kwenye rafu, akigeuza majani kwa kidole, mche mmoja mmoja. Nadhani alikuwa akitafuta Mukuyuni. Hakuna jani lililokunjamana. Alifika mwisho wa rafu ya chini, akainuka, akaniuliza tunywe chai kabla au baada ya kuanza kuchimba.

Tuliiacha trela kando ya darasa la kwanza. Mlango ukalala chini, wilbaro zikapanda na kushuka. Wanawake hawakuinua chochote juu ya kiuno siku nzima. Kivuva alichota maji na landrova mara tano. Mpaka jioni ya Jumapili mia mbili yote ilikuwa ardhini.

Alhamisi, 6 Novemba

Mvua kila siku. Tunakata nyasi ya Pemba kwa ajili ya uwanja.

Jumapili, 9 Novemba

Naandika nikiwa Nuu, kwenye dawati la shule. Mkono unauma lakini sitaki kusubiri.

Jana tuliondoka saa kumi na moja alfajiri, mimi na Kivuva mbele, Tima na wanawake wawili nyuma kwenye landrova, na trela ikiwa na miche mia mbili na ishirini na mafungu ya nyasi. Saa nne tulifika Enziu, ule mto wa mchanga kabla ya Nuu. Ulikuwa umejaa. Maji mekundu, magogo yanapita. Kivuva alichomeka kijiti ukingoni tukakaa kukiangalia. Kila nusu saa alisogeza kijiti kuyafuata maji yaliyokuwa yakipungua. Mimi nilikuwa nikimwagilia miche kwa kopo ili nisikae bure.

Saa saba lori lilikuja nyuma yetu. Mzee Mulei mwenyewe, na dereva na vibarua wawili, wamepakia mifuko themanini ya saruji na mbao za paa za shule hiyo hiyo. Saa nane maji yalikuwa ya kifundo cha mguu. Kivuva alimwendea akamwambia mchanga bado ni laini, asubiri tutafute njia kwa miguu. Mzee Mulei alitazama juu, upande wa vilima. Kulikuwa na wingu jeusi huko. Akasema hana muda, na akamwambia dereva aingie.

Lilikwenda nusu ya mto. Hapo magurudumu ya nyuma yakaanza kuzama, dereva akakanyaga mafuta, yakazama zaidi, mpaka ekseli ikakaa juu ya mchanga.

Sote tulitazama lile wingu. Mvua ikinyesha kule, mto unafurika hata kama hapa kuna jua.

Kivuva aliniambia tufungue trela. Tima na wenzake walivua viatu wakaingia mtoni wakitembea kwa mstari, wakikanyaga kwa nguvu, na kila walipopata mchanga mgumu wakachomeka tawi. Njia ilitokea upande wa juu wa lori, yenye kona moja. Nilivusha landrova ikiwa tupu, kwenye matawi hayo, bila kusimama. Ilipita.

Kisha tukaunganisha kamba yetu na waya wa kuvutia wa lori, ikafika kutoka landrova mpaka kwenye trela. Tulivuta pini mbili za mlango wa nyuma, mlango ukatoka, na rafu ya juu tukashusha miche yake juu ya nyasi, tukaichomoa mbao zake. Hizo zikawa njia chini ya magurudumu; yakipita, wanawake wanazichukua wanaziweka mbele tena. Lakini trela ya magurudumu mawili haiendi yenyewe, lazima mtu ashike shingo isichimbe mchanga. Nilikuwa kwenye usukani ng'ambo, nikitazama kwenye kioo. Nilimwona Kivuva akishika shingo upande mmoja, kibarua wa Mzee Mulei upande wa pili. Walichuchumaa, wakainua. Ikainuka. Miche yote na nyasi yote ndani, na watu wawili waliishika kama machela. Nikakumbuka fundi akifuta chaki kwa mguu.

Nilivuta polepole kuliko ninavyoweza kuvumilia. Ikafika.

Tulikuwa tumemaliza. Tungeweza kwenda. Nilianza kufunga trela nyuma ya landrova, na Kivuva akaja kando yangu, amelowa mpaka mapajani, akaangalia lori, akaangalia wingu. Saruji ile ni ya shule yetu, na wale ni watu.

"Nipe ufunguo," alisema.

Nilimwuliza kama ana hakika. Alisema tuteremshe miche ukingoni haraka.

Alirudi mtoni akiwa na trela nyuma yake. Alizunguka lile lori, akaingiza trela kinyumenyume mpaka ikagusana nalo, mara moja tu, bila kurekebisha. Mifuko ishirini, akavuka. Akarudi. Safari nne za saruji na moja ya mbao. Sisi sote tulikuwa tukibeba na kuchimba, Mzee Mulei pia, kofia yake imeanguka majini na hakuifuata. Nilimwangalia ndugu yangu kila alipopita kwenye ile kona. Mara ya kwanza uso wake ulikuwa kama wa mgonjwa. Mara ya tatu alikuwa ametoa kiwiko nje ya dirisha.

Lori likiwa tupu, tuliliwekea mlango wa trela chini ya gurudumu, landrova ikavuta mbele, sisi tukasukuma nyuma. Lilitoka saa kumi na moja na nusu. Hatukuwa tumemaliza kukunja kamba tulipoyasikia maji. Yalikuja yakiwa yamesimama kama ukuta mfupi, yakapita juu ya alama zetu zote.

Mzee Mulei alikaa juu ya mifuko kwa muda. Kisha alimwendea Kivuva akamshika mkono kwa mikono miwili. Halafu akanigeukia. "Mama, nilikutania mbele ya watu sokoni," alisema. "Nitayarudisha maneno yale mbele ya watu."

Tulipopakia tena miche, sikukaa kwenye usukani. Nilizunguka upande wa pili nikaketi kama abiria.

Jumatatu, 17 Novemba

Mzee Mulei ametimiza. Jana kanisani, baada ya matangazo, alisimama akaeleza habari ya Enziu kuanzia mwanzo, bila kujificha. Akamtaja Kivuva kwa jina, na Yakub fundi ambaye si wa kanisa letu, na Tima. Leo asubuhi karakana ya Yakub ilikuwa na watu wanne wakingoja.

Jumamosi, 22 Novemba

Safari ya tatu, Kivuva anaendesha. Miche mia moja na themanini iliyobaki, na kayaba zote. Kwa mara ya kwanza amepiga mluzi njiani.

Jumapili, 30 Novemba

Mvua inapungua. Nyasi ya uwanjani imeshikana. Nimeivuta kwa mkono, haitoki.

Jumatano, 10 Desemba

Halmashauri ilikuja Nuu, watu watatu na Mwalimu Mutindi. Tulitembea mstari kwa mstari na Mwalimu akihesabu kwa sauti. Nilikuwa nimeshahesabu mwenyewe mara tatu na bado nilihesabu tena naye kwa vidole. Alifika mwisho: mia tano themanini na minane.

Mmoja wa wale watatu alirudia kwa kuwa hakuamini. Mwalimu Mutindi hakusema ni mingi. Aliniuliza ile kumi na miwili imekufa kwa nini. Nikamwambia tisa ni mbuzi, na mitatu ni mimi, niliipanda karibu na shimo la chokaa la wajenzi bila kuangalia. Akavua miwani. Alicheka, kicheko cha ndani kisichotarajiwa kwa mtu kama yeye, akawaambia wale watu: "Nimetafuta muda mrefu mtu anayejua kwa nini kitu chake kimekufa."

Walisogea pembeni wakazungumza. Hawakuchukua muda. Shule zote saba. Tutaanza mvua ya Machi.

Kivuva alikuwa akifunga mapipa ya maji. Nilipomwambia aliuliza shule zenyewe ziko wapi, kila moja, na barabara ya kila moja ikoje. Tima alikaa chini kwenye nyasi, akalala chali, mikono ameinyoosha, na wengine wakalala hivyo hivyo kando yake. Mwalimu aliwaona, na akawaacha.

Jumatatu, 15 Desemba

Tumegawa kitalu vitanda saba vya miche. Kila kimoja nimekipigilia kibao chenye jina la shule yake, kwa rangi nyeupe, na nimewapa wanawake wachague. Kila mmoja alichukua kile cha karibu na kwao. Vikabaki viwili, Kivuva akasimama kwenye kimoja, na mimi nikasimama kwenye cha mwisho. Tulisia jakaranda na mikasia mpaka jua likawa juu kabisa, sote saba tumeinama, kila mtu na shule yake.